Ukingo wa Mzinga: Pale Dramu Inapokataa Kutyuniwa

Snea ya inchi 14, ile dramu fupi yenye waya chini yake, huwa na boliti 8 au 10 za kukazia ngozi. Ukigonga kwa ncha ya fimbo karibu na kila boliti, sentimita 3 au 4 kutoka kwenye ringi inayoibana ngozi, sauti zote zinapaswa kulingana. Ziko dramu ambazo hazifiki hapo hata ukikesha nazo. Unalinganisha boliti saba, ya nane iko chini. Unaipandisha hiyo, iliyo mkabala nayo inapanda bila kuguswa, na ya jirani inaanza kukoroma. Mpigaji anabadilisha ngozi, anakaza upya, na baada ya ibada mbili yuko palepale.

Kabla ya kununua ngozi nyingine, fungua dramu utazame mdomo wa mzinga. Mzinga ni kile kiwiliwili cha mbao au chuma. Ukingo ni mdomo wake, wa juu na wa chini, ambao ngozi huuegemea. Pale unapogusana na ngozi, ukingo mara nyingi hauzidi milimita moja au mbili kwa upana, lakini sehemu kubwa ya mtetemo wa ngozi unaofika kwenye mbao hupita hapo. Wengi wakishalijua hilo hukimbilia msasa, na hapo ndipo dramu nyingi zinapoharibiwa kabisa. Kingo nyingi zinazolalamikiwa zinahitaji kusafishwa, kuzibwa mapengo madogo na kupakwa nta. Kukata ukingo upya ni kazi ya mwisho, maana mbao ikishaondoka hairudi.

Ngozi inapokosa pa kuegemea

Ngozi iliyowambwa hutetemeka kwa namna nyingi kwa pamoja. Mtetemo wa kwanza ni ngozi nzima kupanda na kushuka. Huo ndio sauti nene ya dramu. Wa pili ni nusu moja kupanda huku nusu nyingine ikishuka. Kwa hesabu za ngozi iliyonyooka kabisa, huu wa pili una kasi ya karibu mara 1.59 ya ule wa kwanza, na ndio unaousikia zaidi unapogonga karibu na boliti.

Mtetemo huo wa pili ndio shahidi wa ukingo. Mstari unaozigawa zile nusu mbili unaweza kupita upande wowote, na mvutano ukiwa sawa kila mahali, sauti ni ileile. Ukingo ukiwa na bonde mahali fulani, mstari unaopita huku unatoa sauti moja na unaopita kule unatoa nyingine iliyo karibu nayo sana. Sikio halizitenganishi. Linasikia sauti moja inayoyumba, wau-wau-wau, mpaka inakufa. Kuyumba huko hakuondoki kwa ufunguo, kwa sababu hakukutoka kwenye boliti.

Bonde lina tabia nyingine. Ngozi ya plastiki hupita juu yake kama daraja. Ukiikaza boliti ya hapo, ngozi inavutwa ishuke kufuata bonde na mvutano wake unazidi wa majirani. Ukiiacha, inaelea juu ya mbao kwa nafasi isiyoonekana na kuigonga kila inapotetemeka. Ndiyo ile kelele ya kukereza inayosikika hasa kwenye flo tomu, ile dramu kubwa ya kusimama sakafuni, ikiwa imelegezwa. Kilima kina ubaya wake pia: kinainua ngozi pande zake zote mbili, kwa hiyo kilima kimoja kinazaa mabonde mawili ambayo si ya kweli. Ndiyo maana haifai kusaga mahali popote kabla ya kupima duara zima.

Kuhusu vipimo, ngozi ya kawaida ya tabaka moja ina unene wa milimita 0.25. Ngozi ya chini ya snea ni nyembamba zaidi, milimita 0.076. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina kama milimita 0.1. Pengo linalopitisha karatasi moja, kwa hiyo, ni kubwa kuliko unene wa ngozi yenyewe ya chini ya snea.

Waliowamba ngozi ya ng'ombe hawakusumbuliwa na jambo hili kwa kiasi hiki. Ukifika Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, kwenye Makumbusho ya Wasukuma ambako ngoma za watemi zimehifadhiwa, itazame midomo ya ngoma za kuchonga. Ngoma ya kuchonga inahitaji mdomo mnene uliolainishwa, kwa sababu ngozi mbichi ikikaukia kwenye ncha kali itajikata yenyewe. Na kwa kuwa inavikwa ikiwa imelowa, inakauka ikiwa imechukua umbo la mdomo, mabonde na vilima vyake vyote. Plastiki haina subira hiyo. Tangu ngozi za plastiki ziliposhika soko la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 (Remo Belli alianzisha kampuni yake mwaka 1957), ngozi inatoka kiwandani ikiwa na umbo lake tayari, na kazi ya kulingana imehamia kwenye mbao.

Kinachoharibu kingo huku kwetu

Ukingo wa mzinga wa plaiwudi unaonyesha kile ambacho sehemu nyingine za mzinga zimekificha: ncha za nyuzi za mbao zilizokatwa. Ncha hizo ni kama vinywa vya mirija. Zinanywa unyevu kwa kasi kuliko uso wa mbao. Pwani hii ya Ziwa Victoria, hapa Mwanza, ina mvua za vuli na masika kati ya Oktoba na Mei, kisha Juni hadi Agosti kunakauka, upepo unavuma na vumbi linatimka. Mbao isiyozibwa hunywa na kutema maji kila mwaka. Tabaka ambazo nyuzi zake zimesimama na zile zilizolala hazivimbi sawa, na mahali gundi ilipokuwa haba zinaanza kuachana. Mizinga ya bei nafuu, iliyotengenezwa kwa mbao laini kama popla, huumia mapema zaidi, kwa kuwa ncha yake inabonyea hata kwa ukucha.

Madhara mengine ni ya mikono yetu. Mzinga unavuliwa ngozi na kusimamishwa juu ya sakafu ya saruji wakati ringi zinasafishwa. Unasukumwa kidogo kwa mguu, na ukingo umekwisha kuchubuka. Seti inapakiwa kwenye kirikuu kwenda mkutano wa Viwanja vya Furahisha au kuvuka kwa kivuko cha Kamanga, mizinga ikiwa uchi ndani ya mingine ili kuokoa nafasi. Na mchanga wa huku, unaotokana na majabali yaleyale yanayoipa Mwanza sura yake, ni mgumu kuliko mbao yoyote. Punje moja ikibaki kati ya ngozi na ukingo, ukikaza boliti umeipigilia.

Jua kwanza mkosaji ni nani

Ringi iliyopinda na ngozi mbovu hutoa dalili zilezile za ukingo mbovu. Kuwatenganisha watatu hawa kunachukua dakika kumi.

Tia alama ya penseli kwenye mzinga, kwenye ringi na kwenye ngozi, zote zikiwa zimeelekeana pale penye tatizo. Legeza, zungusha ngozi peke yake robo duara, kaza tena. Tatizo likihama na ngozi, ngozi ndiyo mbovu. Rudia kwa kuzungusha ringi peke yake. Likibaki palepale kwenye mzinga baada ya majaribio yote mawili, ni ukingo, au ni lagi, kile kishikio cha boliti kwenye mzinga, iliyolegea kwa ndani. Kaza skrubu za lagi hiyo kabla ya kuulaumu ukingo.

Jambo jingine ni mduara. Pima kipenyo cha mzinga mara nne, kila mara ukisogea moja ya nane ya duara. Mzinga wa snea ya inchi 14 kwa kawaida unapungua milimita 2 hadi 4 kwenye zile 355.6 za inchi 14 kamili, ili ngozi izunguke bila kubana. Vipimo vyako vikitofautiana zaidi ya milimita 3, mzinga umekuwa yai na msasa hautausaidia. Angalia pia pale plastiki ya kufunika mzinga inapopandana: ikifika mpaka juu ya ukingo, inabana ngozi na kuiinua. Inatakiwa iishie chini ya mkato wa nje; ikate kwa wembe, taratibu.

Sasa pima usawa. Unahitaji bamba lililonyooka. Duka la vioo litakukatia kioo cha milimita 10, lakini mji huu una kitu bora zaidi: mafundi wa kaunta za jikoni za graniti hubaki na kipande kinachotolewa pale panapoingia sinki. Mara nyingi kipande hicho kinatosha snea ya inchi 14, yaani sentimita 36. Kwa kiki ya inchi 22, ile dramu kubwa ya kupigwa kwa mguu, utahitaji bamba la sentimita 60 kila upande. Liweke juu ya blanketi lililokunjwa, kwenye meza isiyoyumba, lisijipinde.

Simamisha mzinga juu ya bamba, ukingo unaopimwa ukiwa chini. Weka tochi ndani, funika juu kwa nguo nzito, zima taa, kisha inama macho yawe usawa wa bamba. Mwanga unaotoka ndio ramani ya ukingo wako. Usiuamini mara moja. Zungusha mzinga robo duara: mwanga ukienda na mzinga, bonde ni la mzinga, ukibaki palepale juu ya bamba, bamba ndilo lenye kasoro.

Penye mwanga, ingiza vipande vya karatasi na uhesabu. Bandika selotepu ya karatasi upande wa nje wa mzinga, uandike bonde linaanzia wapi, linaishia wapi, na lilipitisha karatasi ngapi. Hata moja isipopita popote, acha ukingo huo; tatizo lako liko kwingine. Ikipita moja tu kwa urefu wa sentimita chache na dramu ni tomu au kiki, safisha, paka nta, ujaribu kutyuni kabla ya lolote. Zikipita mbili au tatu, usawazishaji wa msasa utatosha. Kadi ya benki, yenye unene wa milimita 0.76, ikiingia, hapo unahitaji ruta, mashine ya kukatia mbao kwa kisu kinachozunguka, na mtu anayeijua.

Kabla ya kufunga kipimo, chukua pamba. Bonge dogo la pamba isiyosokotwa, lipitishe juu ya ukingo wote bila kubonyeza. Penye kibanzi kilichosimama au ufa, nyuzi zitanasa. Kidole kinaruka vitu ambavyo pamba haiviachi, na katika ukanda huu wa pamba hakuna atakayesema ameikosa.

Kuziba kabla ya kusawazisha

Tabaka zilizoachana zinabanwa kwanza, kwa sababu ukisawazisha mzinga ulioachana unasawazisha kitu kitakachohama. Fungua ufa kidogo kwa ncha ya wembe, ingiza gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa matone machache ya maji, ukitumia sindano ya duka la dawa. Bana kwa klampu kati ya vipande viwili vya mbao vilivyofunikwa nailoni ili visigande. Acha saa 24. Msimu wa mvua, acha 36.

Pengo lililomegeka linajazwa kwa gundi ya mirija miwili iliyochanganywa na unga wa mbao. Bodifila ya magari haifai kwenye ncha ya ukingo: ikiwa nyembamba inameguka, na mahali pale haiwezi kuwa nene. Kibanzi kidogo kilichoinuka kinalazwa kwa tone la supaglu na kubanwa kwa nailoni kwa dakika moja.

Kusawazisha

Vua kila kitu: lagi, miguu, hasa kifungio cha waya za snea ambacho huchomoza kupita ukingo. Unga wa mbao ukiingia kwenye nati za lagi utakusumbua mwaka mzima.

Bandika msasa namba 150 juu ya bamba kwa tepu ya pande mbili. Karatasi moja haitoshi mzinga wa inchi 14, kwa hiyo panga kadhaa zikikutana ukingo kwa ukingo. Zikipandana utachonga mfereji. Msasa wa roli unaouzwa kwa mita ni rahisi zaidi kupanga. Chora mistari ya penseli kukatisha ncha ya ukingo, kila sentimita 2, duara zima.

Shika mzinga chini kabisa, karibu na msasa, kwa mikono yote miwili. Usibonyeze, uzito wa mzinga unatosha. Zungusha mizunguko mifupi kama kumi, inua, geuza mzinga robo duara, endelea. Kugeuza si urembo: mkono wa kulia wa mtu anayetumia wa kulia hubonyeza zaidi, na asiyegeuza anaondoka na ukingo ulioinama upande mmoja. Tazama mistari. Itafutika kwanza kwenye vilima na kubaki kwenye mabonde. Mstari wa mwisho ukianza tu kuguswa, simama. Hapo ndipo subira inapokuwa na thamani, maana kila mzunguko baada ya hapo unakula mbao bila faida. Maliza kwa namba 220, mizunguko michache, kisha rudia kipimo cha tochi.

Sasa utaona ncha imepanuka na kuwa bapa, hasa pale palipokuwa na kilima. Ubapa wa milimita moja au pungufu unarekebishwa kwa mkono: kipande cha mbao kilichokatwa nyuzi 45, msasa 220 umebandikwa, unakipitisha upande wa ndani kwa mwendo mrefu, ukihesabu mipitisho sawa kila mahali, mpaka ncha irudi. Ubapa wa milimita 2 au 3 unahitaji ruta.

Mafundi wa kabati za jikoni wanayo ruta. Wengi hawajawahi kukata mzinga, kwa hiyo mpelekee maelekezo pamoja na kazi. Ruta ifungwe chini ya meza, kisu cha nyuzi 45 chenye beringi kikichomoza juu, mzinga ukisimama juu ya meza na kuzungushwa. Kwa mkato wa ndani, kisu kiko ndani ya mzinga na mzinga unazungushwa kufuata mwendo wa mishale ya saa ukitazamwa kutoka juu. Kwa mkato wa nje unazungushwa kinyume chake. Ukikosea mwelekeo, kisu kinaunyakua mzinga na kumega kipande, au kinavuta vidole. Kila mzunguko ule chini ya milimita moja. Jaribio la kwanza lifanyike kwenye kipande cha plaiwudi, si kwenye mzinga. Miwani na barakoa ni lazima; glavu na mikono mirefu inayoning'inia ni hatari karibu na kisu kinachozunguka.

Umbo la ukingo na sauti yake

Hapa wapigaji hubishana sana, na kila upande una hoja.

Ukingo wa nyuzi 45 kwa ndani, wenye mkato mdogo au mviringo kidogo kwa nje, unagusa ngozi kwa eneo dogo. Ngozi iko huru, mlio ni mkali, mrefu, na snea inaitikia hata mguso mwepesi. Ndio ulioenea kwenye seti za kisasa. Bei yake ni kwamba hausamehi: kosa la karatasi moja linasikika.

Ukingo wa nyuzi 30, ambao Gretsch, watengenezaji dramu wa Marekani, wamejulikana nao kwa miaka mingi, unalaza ngozi zaidi juu ya mbao. Mlio unakuwa mfupi na mnene. Ukingo wa mviringo, uliokuwa wa kawaida enzi za ngozi ya ndama, unaenda mbali zaidi katika njia hiyohiyo: kishindo kizito, mlio unaokufa mapema, na kutyuni kwepesi kwenye mvutano wa chini.

Kwa seti nyingi zinazopiga kwenye kumbi za saruji zenye mwangwi, ukingo mkali kwenye kiki ni kujitafutia kazi ya kujaza mito. Kiki yenye ncha iliyolainishwa inakaa vizuri zaidi. Tomu za popla au plaiwudi laini zisiachwe na ncha kama kisu, itabonyea baada ya kukazwa mara chache. Ipitie msasa 320 kidogo mpaka ncha iwe na mviringo wa milimita moja hivi. Ncha ya wembe inafaa mbao ngumu kama mepo, ule mti wa jani lililo kwenye bendera ya Kanada, na hata huko kwa snea zaidi kuliko dramu nyingine.

Muhimu kuliko pembe ni mahali ncha ilipo. Iwe karibu na theluthi ya nje ya unene wa mzinga. Ikiwa nje kabisa bila mkato wowote, ngozi inaegemea pale inapopinda kuingia kwenye ringi yake, mahali pagumu pasipotetemeka vizuri, na hakuna kutyuni kutakakookoa.

Chini ya snea, weka msasa kando

Ukipima ukingo wa chini wa snea kwa tochi utaona mwanga sehemu mbili zinazotazamana, pale waya zinapopita. Usishtuke. Hayo ni mabonde yaliyochongwa kwa makusudi, kwa kawaida yenye kina cha milimita moja hadi mbili na nusu, yanayoanza na kuisha taratibu. Kazi yake ni kuishusha ngozi kidogo ili miisho ya waya na mikanda yake isiinuke, waya zilale juu ya ngozi kwa urefu wote.

Anayesawazisha ukingo huu kama wa juu anayafuta. Waya zinabaki zimening'inia miishoni, snea inaguna kila tomu inapopigwa, na mpigaji anazikaza mpaka zinanyongeka. Ni kosa linalofanywa na watu makini kabisa, waliosoma kwamba ukingo unatakiwa kunyooka.

Kinachoangaliwa hapo ni ulinganifu: mabonde yawe na kina kimoja na upana mmoja, yatazamane sawasawa na kifungio upande huu na kishikilio upande ule. Kati yao, ukingo uwe sawa. Kama ni lazima kusawazisha, pima kina cha kila bonde kwa karatasi kabla ya kugusa chochote, uandike, kisha baada ya kazi yarudishe kwa tupa ya nusu duara na msasa uliozungushiwa bomba, ukipima kila baada ya mipitisho mitano.

Kuziba mirija

Ukingo uliokatwa ukaachwa uchi utanywa mvua za Novemba. Nta ya nyuki ndiyo inayotufaa zaidi: inazuia maji, na ngozi inateleza juu yake ikatafuta mahali pake badala ya kunata. Nta safi kutoka Tabora hupatikana bila shida. Sugua bonge la nta kwenye ukingo, pitisha drayer ya saluni mpaka ing'ae na kuzama, acha ipoe, kisha futa kwa kitambaa cha pamba mpaka kidole kisihisi utando wowote. Rudia mara moja. Mshumaa wa kawaida unafanya kazi hiyohiyo kwa kiwango cha chini kidogo.

Wanaotaka kinga ya kudumu wapake sila ya mbao, sehemu moja kwa sehemu moja ya thina, mikono miwili myembamba, msasa 400 katikati, halafu nta juu yake ikishakauka kabisa. Vanishi nzito inajikusanya na kutengeneza vilima vipya, na ngozi inagandamana nayo wakati wa joto. Mafuta ya kupikia, mafuta ya kujipaka na grisi vyote vinakamata vumbi. Kwa mchanga wa huku, hiyo ni kutengeneza msasa mwingine kati ya ngozi na ukingo.

Kuvika ngozi

Methali inasema mwamba ngoma huvutia kwake, na boliti ndivyo zilivyo: ya kwanza kukazwa inavuta ngozi upande wake. Ndiyo maana hatuzungushi ufunguo kwa kufuata duara. Kaza zote kwa vidole mpaka ziguse ringi, kisha nusu mzunguko kwa ufunguo, ukivuka kila mara kwenda boliti iliyo mkabala. Baada ya raundi mbili, bonyeza katikati kwa kiganja ili ngozi ijikalishe. Hesabu mizunguko ya kila boliti. Kwenye ukingo mzuri tofauti inakuwa robo mzunguko au hata pungufu. Boliti inayodai mzunguko mzima zaidi ya wenzake inakuambia kitu. Rudi kwenye ramani yako ya tochi uone kama inasimama kwenye bonde ulilolisahau.

Snea za chuma, shaba au alumini hazisawazishwi kwa njia hii. Ukingo wake umekunjwa, na msasa unaondoa kromu na kukaribisha kutu. Tafuta mbonyeo kwa tochi, tazama pale mzinga ulipounganishwa kama kuna kinundu, futa kwa kitambaa kikavu. Mbonyeo unaopitisha kadi ya benki ni kazi ya fundi wa bati mwenye nyundo ya mpira na kibao cha umbo la mkunjo.

Seti inayosafiri ibaki na ngozi zake, hata kuukuu, zikiwa zimekazwa kwa vidole tu. Mzinga uliovuliwa usimamishwe juu ya mkeka au boksi lililofunguliwa, kamwe si saruji. Kila unapobadilisha ngozi, pitisha pamba kwenye ukingo, futa mchanga, ongeza nta. Na ndani ya mzinga, karibu na tundu la hewa, andika kwa penseli tarehe na hesabu ya karatasi za kila bonde. Mvua zikipita, pima tena ulinganishe na maandishi hayo: bonde lililokua ni gundi inayoachia, na linaanzia kwenye klampu kabla ya kufika kwenye msasa.